Mahali pa Ishara: Uhusiano wa Ishara na Mpangilio katika Michoro ya Kidini ya Uhispania ya Enzi za Kati

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo baina ya ishara na mpangilio katika michoro ya kidini iliyotungwa nchini Uhispania kati ya karne ya 10 na ya 15. Hoja yake ya msingi ni kwamba ishara katika michoro hiyo haikuwa na maana iliyokamilika kabla ya kuwekwa mahali pake. Maana ilizaliwa pale ishara ilipokutana na jirani zake, na jengo lililoibeba, na mwili wa mtazamaji aliyesimama chini yake. Ili kuithibitisha hoja hii, makala inamfuatilia kiumbe mmoja, yaani mbwa, katika makanisa matatu, na kuonyesha jinsi anavyobadilika maana kila anapobadilishwa mahali. Aidha, makala inajadili kilichopotea pale baadhi ya michoro hiyo ilipobanduliwa kutoka kutani, na funzo ambalo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anaweza kulipata kutokana na mjadala huo.

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapotakiwa kueleza matumizi ya ishara katika shairi au riwaya, aghalabu huandaa orodha. Giza ni dhuluma, nuru ni ukombozi, njiwa ni amani, damu ni mauaji. Orodha kama hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa jamii nyingi hukubaliana juu ya maana za kimsingi za vitu fulani. Hata hivyo, orodha ina kasoro moja kubwa: humfanya msomaji aamini kwamba ishara hubeba maana yake mfukoni, kama mtu abebavyo kitambulisho, na kwamba popote iendapo itasema neno lile lile.

Lugha yenyewe yakanusha dhana hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili anapomwita mwenzake mbwa, amemtukana tusi zito. Lakini mzungumzaji huyo huyo anapotumia methali isemayo kuwa mbwa hafi maji akiona ufuko, amemgeuza mbwa yule kuwa mfano wa matumaini na ustahimilivu wa anayekaribia kufika. Mnyama ni mmoja. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa katika usemi.

Michoro ya kidini ya Uhispania ya Enzi za Kati inalidhihirisha jambo hili kwa uwazi ambao ni vigumu kuupata katika maandishi. Katika maandishi, mahali pa ishara ni dhana ya kufikirika. Katika mchoro wa ukutani, mahali pa ishara ni mahali hasa: pa kunyooshewa kidole, pa juu au pa chini, pa kati au pa pembeni. Ndiyo maana mtaalamu wa fasihi ana mengi ya kujifunza kutokana nayo, hata kama hakusomea uchoraji.

Usuli wa michoro hiyo

Kuanzia mwaka 711, sehemu kubwa ya rasi ambayo leo ina nchi za Uhispania na Ureno ilikuwa chini ya watawala Waislamu. Upande wa kaskazini palibakia na kukua falme na himaya ndogo za Kikristo, zikiwemo León, Castilla, Aragón na zile za eneo la Catalonia. Mipaka baina ya pande hizi mbili ilisogea mara kwa mara, na pamoja na vita vilivyopiganwa, bidhaa, vitambaa, mafundi na mitindo ya sanaa ilivuka mipaka hiyo. Mchoro wa Kikristo wa eneo hili, kwa hiyo, haukukua katika kisiwa.

Katika robo ya mwisho ya karne ya 8, mtawa aliyeitwa Beato, wa monasteri ya Liébana iliyoko kwenye milima ya kaskazini, aliandika ufafanuzi wa Kitabu cha Ufunuo. Kazi hiyo ilinakiliwa kwa mkono kwa karne kadhaa, na nakala nyingi zilipambwa kwa picha. Nakala inayohifadhiwa katika kanisa kuu la Girona, iliyokamilika mwaka 975, ni ya pekee kwa kuwa miongoni mwa majina ya waliyoichora limo jina la mwanamke, Ende, pamoja na la Emeterio. Hili ni jambo la nadra, kwani wachoraji wengi wa Enzi za Kati hawakuacha majina yao.

Picha za nakala hizi zina sifa moja inayostahili kuzingatiwa. Nyuma ya malaika, wanyama na wafalme wa Ufunuo hamna mbingu ya kawaida, wala vilima, wala kivuli. Pana mikanda mipana ya rangi iliyolazwa moja juu ya nyingine: mwekundu, wa manjano, wa samawati. Mikanda hiyo hailengi kuonyesha tukio lilitendeka wapi duniani. Inamtoa mtazamaji katika mahali pa kawaida na kumwingiza katika uwanja ambao kila nafasi ina daraja lake. Sifa hii inaonekana pia katika michoro ya kutani ya karne ya 12.

Sarufi ya mpangilio

Wapo wanaoitazama michoro hii na kudhani kwamba wachoraji wake hawakujua kuchora, kwa sababu miili ni bapa, nyuso zinafanana na watu wa mbali hawakupunguzwa kimo. Dai hilo linatokana na kuwapima wachoraji hao kwa kipimo kisichokuwa chao. Walichokuwa wakikitafuta si mfanano wa kitu na kivuli chake, bali mpangilio unaosomeka. Kanuni nne za mpangilio huo zinaweza kubainishwa.

Kanuni ya kwanza ni ya kimo. Kilicho juu ni cha mbinguni, na kilicho chini ni cha duniani. Kanuni ya pili ni ya kitovu. Kilicho katikati ndicho kiini, na vilivyo pembeni hukitumikia kwa ulinganifu wa kushoto na kulia. Kanuni ya tatu ni ya ukubwa. Ukubwa wa mtu hautokani na umbali wake bali na hadhi yake, hivyo mtakatifu huweza kumzidi mfalme kimo ingawa wamesimama pamoja. Kanuni ya nne ni ya uelekeo wa mwili. Anayetazama mbele moja kwa moja huwa nje ya wakati. Hafanyi tendo, yupo tu, na humkabili mtazamaji. Anayeonyeshwa upande huwa ndani ya hadithi. Anatembea, anapokea, anauliza au anakimbia.

Kanuni hizi zinafanya kazi kama sarufi. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ya isimu ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifafanua kwamba thamani ya alama hutokana na uhusiano wake na alama nyingine ndani ya mfumo. Wachoraji wa karne ya 12 hawakuwa na nadharia hiyo, lakini kazi zao zinaitekeleza. Taswira ya mnyama ni kama neno. Sarufi ya mpangilio ndiyo inayoamua iwapo neno hilo litakuwa kiima au shamirisho.

Mbwa wa kwanza: Taüll

Kanisa la Sant Climent liko katika kijiji cha Taüll, kwenye bonde la Boí katika milima ya Pyrenees, Catalonia. Maandishi yaliyochorwa kwenye nguzo ya kanisa hilo yanaeleza kwamba liliwekwa wakfu tarehe 10 Desemba 1123. Mchoro wake mkuu ulikuwa kwenye apsidi, yaani ukuta wa nusu-duara ulio nyuma ya madhabahu, ambao kwa juu hufunikwa na nusu-kuba.

Katikati ya nusu-kuba hiyo ameketi Kristo, akiwa ndani ya umbo kubwa la lozi. Anatazama mbele. Mkono wake wa kulia umeinuliwa kubariki, na wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa chenye maneno ya Kilatini yanayomtambulisha kuwa nuru ya ulimwengu. Kandokando ya kichwa chake zimening'inizwa herufi mbili za Kigiriki, alfa na omega, mithili ya taa. Anaikalia tao, na miguu yake imekanyaga nusu-duara. Nje ya umbo la lozi wako malaika pamoja na alama za Wainjilisti wanne: mtu, simba, fahali na tai. Nyuma ya wote imetandazwa mikanda ya rangi. Rangi ya samawati ilitengenezwa kutokana na aeriniti, madini yapatikanayo katika eneo la Pyrenees lenyewe.

Chini ya Kristo uko ukanda wa pili, ambamo Bikira Maria na mitume wamesimama, kila mmoja chini ya tao lake. Maria amewekwa karibu na kitovu. Mkono wake, uliofunikwa kwa vazi lake kwa heshima, umeshika bakuli litoalo miali myekundu. Bakuli peke yake lingeweza kuwa chombo chochote. Lakini bakuli hili limewekwa nyuma ya madhabahu, mahali ambapo padri aliadhimisha misa kwa kikombe cha divai. Mtazamaji alikiona kikombe cha padri na bakuli la Maria katika mtazamo mmoja. Mahali, basi, ndipo palipolifanya bakuli liwe damu ya sadaka.

Kwenye matao yanayotangulia apsidi paliwekwa ishara nyingine. Kileleni mwa tao moja umo mkono wa Mungu ukitokeza kutoka kwenye duara jeupe. Kileleni mwa jingine yumo mwanakondoo mwenye macho saba, kama asimuliwavyo katika Kitabu cha Ufunuo. Na pembeni, chini kabisa kuliko hao, ameketi maskini Lazaro wa Injili ya Luka, aliyelala mlangoni pa tajiri. Mbwa anaviramba vidonda vyake.

Katika Maandiko, mbwa mara nyingi ni mnyama mchafu. Kwa upande mwingine, vitabu vya wanyama vilivyosomwa Ulaya katika Enzi za Kati vilifundisha kuwa ulimi wa mbwa huponya jeraha, na vikaufananisha na toba inayoponya dhambi. Orodha ya ishara, kwa hiyo, inampa mhakiki majibu mawili yanayopingana. Ni mpangilio unaoamua. Mbwa huyu yuko chini, pembeni, ametazama upande, ndani ya hadithi. Juu ya tao uko mkono wa Mungu, na ndani zaidi yuko Kristo anayemkabili kila aingiaye. Mtu akitoka ukumbini kuelekea madhabahuni kwa macho yake, njiani atampita maskini. Tajiri hakumgusa Lazaro, mbwa alimgusa. Katika mahali hapo, mbwa si uchafu tena. Amekuwa shahidi dhidi ya mlango uliofungwa, na kitendo chake kidogo kimewekwa chini ya hukumu kubwa iliyo juu.

Mbwa wa pili: León

Katika jiji la León, kando ya basilika ya San Isidoro, kipo chumba chenye dari za kuba ambamo walizikwa wafalme na malkia wa ufalme wa León. Kuta na kuba zake zilichorwa kati ya mwisho wa karne ya 11 na karne ya 12. Tofauti na michoro ya Taüll, hii ingali mahali ilipotungwa. Mandhari ya nyuma ni meupe, na kila kuba lina mada yake: Kristo katika utukufu akizungukwa na Wainjilisti wenye miili ya binadamu na vichwa vya wanyama, Karamu ya Mwisho, kukamatwa kwa Yesu, maono ya Ufunuo, na malaika akiwapasha habari wachungaji.

Kuba la wachungaji linawashangaza wengi. Malaika amesimama upande mmoja, na habari yake ni kubwa kuliko zote, lakini nafasi kubwa ya kuba imepewa mifugo. Mbuzi na kondoo wanatafuna majani, beberu wanapigana kwa pembe, ng'ombe wametulia. Mchungaji mmoja anapuliza pembe, mwingine ana filimbi, na mwingine anamnywesha mbwa wake maziwa kutoka bakulini.

Hapa mbwa harambi kidonda, na hapana tajiri wa kuhukumiwa. Anakunywa. Hayumo kwenye pembe ya chini ya tao bali katika duara moja na malaika, na wachungaji waliomzunguka wako kazini. Kuna kalenda ya kilimo katika chumba hicho hicho, iliyochorwa kwenye tao katika vijiduara kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi: Januari ni mtu mwenye nyuso mbili, Februari ni mtu anayeota moto, na miezi mingine ina mavuno, upuraji wa nafaka, uchumaji wa zabibu na uchinjaji wa nguruwe. Mbwa anayekunywa maziwa ni jirani wa kazi hizo. Pamoja nazo anasema kuwa wakati wa Mungu uliingia ndani ya wakati wa wafugaji na wakulima, bila kungoja watu waache shughuli zao.

Maana hii inaongezeka uzito mtazamaji anapokumbuka yuko wapi. Chini ya kuba hili mmelazwa watu wenye mataji. Mchoraji angeweza kuwawekea wafalme hao makundi ya wafalme wengine juu ya vichwa vyao. Aliwawekea, pamoja na Kristo mtukufu, wachungaji na mbwa. Mchoro huo ukitazamwa kwenye ukurasa wa kitabu, ni picha ya kupendeza ya maisha ya mashambani. Ukitazamwa mahali pake, ni ujumbe kwa wafu na kwa warithi wao juu ya nani aliyetangulia kupata habari njema.

Mbwa wa tatu: Berlanga

Kanisa dogo la San Baudelio liko karibu na Casillas de Berlanga, mkoani Soria, katika eneo lililokuwa mpakani mwa tawala za Kikristo na za Kiislamu. Kwa nje ni jengo la kawaida la mawe. Kwa ndani, nguzo moja ya katikati inachanua kwa matao manane yanayosambaa kama makuti ya mtende na kuibeba dari. Kuta zake zilichorwa katika karne ya 12 kwa kugawanywa katika ngazi. Juu palichorwa maisha ya Kristo: arusi ya Kana, kuingia Yerusalemu, Karamu ya Mwisho, wanawake watatu kaburini. Chini palichorwa wanyama na mawindo: ndovu aliyebeba mnara mgongoni, ngamia, dubu, mwindaji wa kulungu mwenye upinde, na mpanda farasi anayewakimbiza sungura kwa mbwa.

Mbwa wa Berlanga anakimbia. Hana maskini wala mchungaji. Ana windo mbele na bwana nyuma. Wanyama wa ukanda huu wanafanana na wale waliofumwa kwenye vitambaa na kuchongwa kwenye pembe za ndovu huko Andalusi, na kipande kimoja cha ukuta kilichorwa kuiga kitambaa kilichotundikwa. Yumkini waliochora walitaka sehemu ya chini ya kanisa ionekane kama imevishwa nguo za thamani za majumba ya watawala. Katika mpangilio huo, mbwa ni sehemu ya fahari ya dunia: nguvu, mbio, anasa na umahiri wa mwindaji.

Lakini fahari hiyo imewekwa chini. Kila mbwa anapomkimbiza sungura, juu ya kichwa chake kuna tukio lisilokimbia. Mwindaji hakulaaniwa, wala hakuondolewa. Amepangiwa ngazi yake. Kanisa hili linasema kwa mpangilio jambo ambalo mhubiri angelihitaji saa nzima kulieleza, kwamba dunia ni nzuri na kwamba dunia si ya juu kabisa. Bila ngazi ya juu, mbwa ni pambo. Bila ngazi ya chini, arusi ya Kana haina dunia ya kuitembelea.

Kanuni zilizodumu

Huenda ikadhaniwa kwamba sarufi hii ilikoma uchoraji ulipobadilika. Katika karne ya 15, wachoraji wa Uhispania walijifunza mbinu ya rangi za mafuta kutoka kwa wenzao wa Flandria, na sasa waliweza kuonyesha ngozi, kito na kitambaa kwa uhalisi wa kustaajabisha. Bartolomé Bermejo, mzaliwa wa Córdoba, alikuwa miongoni mwa mahodari zaidi. Mnamo Septemba 1474 aliwekeana mkataba na kanisa la Santo Domingo de Silos mjini Daroca, ili achore ubao wa madhabahu. Mkataba huo ulikuwa na sharti la kutengwa na Kanisa endapo asingetimiza kazi.

Ubao wa katikati, ambao leo umo katika makumbusho ya Prado mjini Madrid, unamwonyesha mtakatifu Domingo akiwa ameketi. Uso wake ni wa mzee halisi, mwenye mikunjo. Lakini mwili unatazama mbele kabisa, uko katikati kabisa, na umezungukwa na dhahabu. Kwenye kiti chake zimo sanamu ndogo za wanawake saba, ambao ni maadili makuu saba. Maadili hayo hayakupangwa mbali naye kama orodha. Yamekuwa viungo vya kiti kinachomkalisha. Mchoraji aliyekuwa na uwezo wa kuiga kila unyuzi wa vazi hakuiacha sarufi ya Taüll. Mfanano ulikuwa umeongezeka, lakini maana iliendelea kubebwa na mahali.

Michoro iliyohamishwa

Iwapo mahali ni nusu ya maana, basi kuhamishwa kwa michoro si suala la usafirishaji tu. Mnamo 1919 michoro ya apsidi ya Santa Maria de Mur, Catalonia, iliuzwa na kubanduliwa, na hatimaye ikafika katika makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani. Tukio hilo liliwashtua wasimamizi wa urithi wa Catalonia. Kati ya mwaka 1919 na 1923 walinunua na kubandua michoro ya makanisa kadhaa ya milimani, ikiwemo ya Taüll, ili isiuzwe nje. Mafundi kutoka Italia walipaka gundi kwenye vitambaa, wakavibandika juu ya rangi, na gundi ilipokauka wakavivuta pamoja na tabaka la rangi. Vitambaa vilikunjwa, vikateremshwa milimani, kisha rangi ikahamishiwa kwenye msingi mpya. Michoro hiyo sasa imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Catalonia, mjini Barcelona, ikiwa imejengewa maumbo yanayoiga apsidi za asili.

Yaliyolikumba kanisa la Berlanga yalikuwa mazito zaidi. Ingawa lilikuwa limetangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1917, michoro yake iliuzwa mwaka 1922, na baada ya mvutano wa kisheria ikapelekwa Marekani. Huko iligawanywa. Karamu ya Mwisho na wanawake watatu kaburini wako Boston. Arusi ya Kana na kuingia Yerusalemu viko Indianapolis. Ngamia yuko New York. Vipande sita vya ukanda wa chini, vikiwemo ndovu, dubu na mpanda farasi mwenye mbwa, vilirejea Uhispania mwaka 1957 kwa mapatano ya kubadilishana, ambapo apsidi ya kanisa la Fuentidueña ilipelekwa New York, na sasa viko Prado.

Matokeo yake kwa maana ni bayana. Ngazi ya juu iko upande mmoja wa bahari ya Atlantiki, na sehemu kubwa ya ngazi ya chini iko upande wa pili. Mbwa wa Berlanga anaendelea kukimbia ukutani Madrid, kwa kimo cha macho ya mtazamaji, bila arusi juu yake. Anaonekana vizuri kuliko alivyowahi kuonekana kanisani, mwenye mwanga wa kutosha na maelezo kando yake. Lakini ametolewa katika sentensi yake.

Haifai, hata hivyo, kuwashutumu wote waliobandua. Bila hatua iliyochukuliwa Catalonia, huenda mchoro wa Taüll nao ungevuka bahari. Aidha, kumekuwapo juhudi za kurudisha walau sehemu ya kilichopotea. Makanisa ya bonde la Boí yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu mwaka 2013 mwanga wa mitambo humulika apsidi ya Sant Climent na kuirejesha sura ya mchoro juu ya ukuta wake wa asili. Mwanga huo si rangi. Lakini kwa dakika chache unamrudishia mtazamaji jambo ambalo makumbusho hayawezi kumpa kikamilifu: kuinua shingo akiwa mahali penyewe.

Funzo kwa mhakiki wa fasihi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hubandua kila anapodondoa. Akichukua ubeti mmoja kutoka katika utenzi, au taswira moja kutoka katika riwaya, na kuupeleka kwenye insha yake, anafanya kama mafundi wale wenye gundi na kitambaa. Uhakiki hauwezi kuepuka kudondoa. Swali ni iwapo mhakiki anakumbuka kilikotoka kipande chake, na iwapo anamjengea msomaji umbo linaloiga apsidi yake.

Kwa msingi huo, maswali manne yanapendekezwa kwa yeyote anayechambua ishara. Kwanza, ishara hii iko wapi katika kazi: mwanzoni, kileleni, mwishoni, au pembezoni mwa tukio jingine? Pili, jirani zake ni nani, na kimewekwa nini juu yake na chini yake? Tatu, imepewa ukubwa gani. Inarudiwarudiwa na kutawala, au inatajwa mara moja na kupita? Nne, inamkabili msomaji moja kwa moja, au imo ndani ya hadithi ikitenda? Maswali haya hayaifuti orodha ya maana za kawaida. Yanaigeuza kuwa mwanzo wa kazi, pale ambapo wengi huifanya kuwa mwisho.

Hitimisho

Makala hii imejadili kwamba katika michoro ya kidini ya Uhispania ya Enzi za Kati, ishara na mpangilio si mambo mawili yanayoweza kuchambuliwa kila moja pekee. Mbwa wa Taüll ni shahidi wa maskini, mbwa wa León ni mshiriki wa kazi za kila siku zilizotembelewa na habari njema, na mbwa wa Berlanga ni fahari ya dunia iliyopangiwa ngazi yake. Hakuna kamusi ya ishara ambayo ingeweza kuyatoa majibu hayo matatu, kwa kuwa hayakuwa ndani ya mbwa. Yalikuwa katika kuta, matao na kuba, na katika utaratibu wa macho ya mtu aliyeingia kuabudu au kuzika. Anayeisoma ishara bila kupasoma mahali pake huwa amesoma neno, lakini bado hajaisoma sentensi.